Mwalimu wa Masalu

Siku ya treni, stesheni ya Mpanda huwa haina pa kuweka mguu. Mchana ule wa mwaka 1996 wapagazi walikuwa wakipiga kelele wapishwe na magunia yao, kuku wamefungwa miguu wanalia, akina mama wanawaita abiria wanunue karanga na mihogo ya kuchoma. Masalu, karani wa mizigo, alikuwa ameegemea mzani wake, shati jeupe limepigwa pasi likapigika. Alitafuna karanga huku akikwaruza peni kwenye karatasi iliyokuwa imefungia karanga zenyewe. Ilichanwa kutoka mtihani wa zamani wa hesabu.

"Umeruka," ilisema sauti ya kike nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa dada mmoja mrefu, gauni la kitenge cha zambarau, nywele amesuka kwenda nyuma, macho yako kwenye karatasi wala si kwake.

"Nimeruka nini?"

"Hapo unapogawanya. Una eksi ya tatu kutoa moja. Eksi ya pili iko wapi? Na eksi yenyewe?"

"Hazipo."

"Hazipo, lakini nafasi zao zipo. Weka sifuri. Usipoweka, kila namba inakaa kwenye kiti cha mwenzake."

Akamnyang'anya peni, akashuka mistari michache, na hesabu ya kugawanya ikaisha bila kubaki kitu. Masalu alitazama karatasi, kisha akamtazama yeye.

"Dada, wewe ni nani?"

"Mwenye boksi la vitabu lililokuja na treni. Nipe boksi kwanza, jina baadaye."

Jina lake lilikuwa Libérate. Wazazi wake walikuwa Warundi, wakulima wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, na yeye alifundisha hesabu sekondari moja pale mjini. Masalu alizaliwa katika familia ya wafugaji wa Kisukuma waliohamia Kabungu na ng'ombe wao. Alimaliza kidato cha sita, hesabu ikamwangusha, na chuo cha uhandisi kikamfungia mlango. Sasa alitaka kurudia mtihani.

"Nifundishe," alimwambia wiki ile ile.

"Mimi mkali."

"Nimechunga madume ya baba yangu. Siogopi mkali."

Libérate akacheka mpaka akashika ukuta.

Kila Jumapili baada ya kanisa walikaa kwenye baraza la nyumba aliyopanga Libérate mtaa wa Majengo. Mwenye nyumba, Mama Sikujua, alichambua mchele karibu yao, akihakikisha wanafanya hesabu kweli. Trigonometria ndiyo iliyomtoa Masalu jasho. Akiambiwa athibitishe kwamba pande mbili ni sawa, yeye alibeba vitu vya kushoto akavipeleka kulia.

"Acha wizi," Libérate alimkemea. "Shika upande mmoja tu. Ubadilishe taratibu mpaka ufanane na wa pili. Saini mraba ukijumlisha kosaini mraba unapata nini?"

"Moja, mpenzi."

"Mpenzi ni nani?"

"Imeponyoka."

"Basi usiiokote," alisema Libérate, na Mama Sikujua akainamia ungo wake kuficha kicheko.

Wakapendana hivyo, katikati ya chaki na mchele. Masalu akawa anaziona namba zikitii mkono wake, na Libérate alipomwona amemaliza swali gumu bila kuuliza, kifua kilimjaa kama yeye ndiye aliyefaulu.

Mtihani ulipokaribia, alimpelekea Masalu maandazi kazini. Mlango wa ghala ulikuwa wazi. Ndani, karani mwenzake Abednego alikuwa akicheka.

"Siku hizi hesabu unazimeza tu. Nani anakufundisha? Isije ikawa yule binti mkimbizi wa Majengo!"

"Yule?" Masalu alijibu haraka. "Yule wa kupitishia Jumapili tu. Hesabu najisomea mwenyewe."

Libérate aliweka maandazi juu ya mzani. Masalu akageuka, akamwona akiondoka. Alimkimbilia mpaka nje.

"Libe, nilikuwa natania tu!"

"Hukutania, umeona aibu. Baba yangu analima ardhi hii tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Mimi sioni aibu kwa nilikotoka wala kwa ninachokijua. Nenda kajisomee."

Masalu alifanya mtihani bila kumwona tena. Matokeo yalipotoka, alikwenda posta, akapiga simu shuleni kwa Libérate.

"Nimefaulu, Libe! Nimepata B! Wewe ndiye..."

"Hongera. Kujisomea kumekusaidia."

"Mpenzi, nisikilize..."

"Nina kipindi." Simu ikakatwa.

Mzee Manyanda, babake Masalu, alichinja dume na kuita Kabungu nzima. Asubuhi ya sherehe dada yake Masalu, Nyanzala, alifika Majengo kwa baiskeli, amejaa vumbi.

"Wifi, kaka amekataa kusimama mbele ya watu mpaka uje. Usipokuja, anasema atakuja kusemea hapa mjini, sokoni, watu wote wasikie."

"Kusema nini?"

"Mimi sijui. Usiku hakulala."

Libérate alimpa Nyanzala maji ya kunywa. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa gauni lile la zambarau, akapanda nyuma ya baiskeli.

Alisimama nyuma kabisa ya watu. Mzee Manyanda, kofia mpya kichwani, alimsifu mwanawe aliyeshinda hesabu peke yake. Masalu akainuka.

"Baba, samahani. Sikushinda peke yangu. Nilidanganya kazini, na nyie nikawaacha muamini. Nilifundishwa na Libérate, binti wa Venant wa Katumba. Nilimkana mbele ya Abednego, na Abednego huyo hapo, anasikia. Kama nina akili ya hesabu, yeye ndiye aliyeiona nikiwa sina hata moyo wa kuitafuta. Nampenda. Nataka kumuoa, kama bado anaweza kunitazama."

Watu wakageuka. Abednego akaangalia chini. Libérate alihisi machozi, akayazuia, akaongea kwa sauti ya darasani.

"Ninaweza kukutazama. Lakini utakwenda chuo kwanza. Na nikiolewa, sitaacha kufundisha."

"Uache kwa nini?" Masalu alisema. "Ukiacha, nitajivunia vipi kwamba mke wangu ni mwalimu?"

Vigelegele vilianza kwa Nyanzala vikazagaa uwanjani. Mzee Manyanda alimtazama Libérate muda mrefu, kuanzia nywele mpaka viatu vyenye vumbi. Kisha akainuka kwenye kiti chake mwenyewe, akakipangusa kwa kiganja, akawapazia sauti wageni wote.

"Mpisheni mwalimu apite!"

Wakagawanyika huku na huku, na Libérate akapita katikati yao, shingo imenyooka.