Mtazamaji wa Nne

Rafiki yangu fundi cherehani, tuliyezoea kumwita Pindo, si mtu wa porojo. Mama yake alipozidiwa na ugonjwa wa kifua, yeye na dada zake wawili waliweka kamera chumbani ili kila mmoja amwangalie mama akiwa kazini kwake. Intaneti ya pale nyumbani ilikuwa dhaifu, kwa hiyo ukurasa wa mtandaoni walioutumia kutazama uliwafanya watazamaji wapokezane vipande vya video: anayepata kipande anamgawia mwenzake, na mshale unaonyesha nani anampa nani.

Chini ya picha paliandikwa watazamaji watatu. Jumatano moja asubuhi pakaandikwa wanne, na mshale ukatoka kwa Pindo kwenda kwa huyo wa nne.

Akampigia dada yake mkubwa. "Dada, umempa mtu anwani?"

"Nimpe nani, na mama anakohoa vile? Funga, ufungue tena."

Akafunga, akafungua. Wa nne alikuwa palepale, akipokea kikohozi kikavu cha mama kipande kwa kipande, mpaka siku mama alipokata roho.

Baada ya mazishi waliing'oa kamera, wakaitia sandukuni. Pindo akarudi kwenye cherehani yake, na huku anashona akafungua ukurasa ule ili aufute. Picha ilikuwa giza tupu. Watazamaji wawili: yeye na yule wa nne. Mshale ulikuwa umegeuka: sasa yeye ndiye aliyekuwa akipokea.

Akatoa mguu kwenye pedeli, akatega sikio. Mle kwenye giza la picha cherehani iliendelea kushona, ileile yake yenye kugongagonga, kisha kikasikika kikohozi kikavu kama cha mama.

Siku hiyo Pindo alikuwa bado hajaanza kukohoa.