Aliyemwona Tunu Kwanza

Picha yenyewe ilikuwa nzuri. Tatizo ni yule mtu wa dirishani.

Lenzi ilikuwa ya shaba, ya kizamani, na ilikuwa na kituko chake: ulichokilenga katikati kilitoka safi, vilivyobaki vyote vikazunguka kama uji unaokorogwa. Hashiru aliipata Tangini, kwa Mama Bertha, mjane wa mpiga picha. "Marehemu alikuwa anapigia picha za miti tu," yule mama alimwambia, akimkabidhi kwa ncha ya kanga asiiguse. Hashiru akacheka. Pale anapoishi, mtaa wa Picha ya Ndege, kila kijana ana kamera, na yeye alitaka harusi ya mdogo wake itoke tofauti na za wenzake wote.

Basi akaibeba mpaka kwao Masaki, Kisarawe. Baba yao alikwishafariki, kwa hiyo Hashiru ndiye walii, ndiye wa kumuoza Tunu. Bibi harusi keshasingwa, hina imekolea, yuko kitandani chini ya shela, na kwao akishafunikwa hafunuliwi mpaka mume aingie amfunue mwenyewe. Shangazi Sada alilinda mlango asubuhi nzima. Alipotoka kufuata udi, Hashiru akapenya.

"Funua kidogo, nikupige moja."

"Kaka, shangazi ataniua."

"Mimi mtu baki? Tazama humu."

Tunu hajawahi kumkatalia kaka yake kitu. Akafunua, akatazama.

Kwenye picha, nyuma ya bega lake, dirisha na mikorosho vilizunguka kama ilivyotakiwa. Ila palikuwa na mwanamume mwenye kanzu, ametulia, safi mpaka vifungo. Hashiru akachungulia nje. Magunia ya mkaa tu. Shangazi aliporudi na chetezo akasimama mlangoni, akanusa.

"Mbona humu kunanuka udongo mbichi?"

Hashiru akaizima kamera. Alijiambia lenzi mbovu, akaenda kumuoza mdogo wake kwa Omary.

Omary akaingizwa chumbani, wanawake wakapiga vigelegele, akainua shela. Hashiru akabonyeza. Vigelegele vikakoma, ila kimoja, chembamba, kikaendelea pale pale kitandani ambapo hapakuwa na mwanamke mwingine zaidi ya Tunu, na Tunu mdomo wake ulikuwa umefumba, na Hashiru alipoinamia kamera aone alichopiga, akamkuta Omary aliyekuwa katikati kabisa kazunguka hana uso, na badala yake yule wa kanzu kaketi ubavuni mwa bibi harusi, kamwekea kiganja kwenye paji la uso, anaitazama lenzi.

"Tunu," Omary aliita taratibu.

Tunu alimtazama kwa aibu, akajivutia shela. "Samahani, ndugu yangu. Toka. Mume wangu alishaingia."

Hashiru alimwambia shangazi ukweli wa asubuhi. Maalim Abdulkadiri akaletwa, akafukiza, akasoma mpaka sauti ikakauka. Mwishoni Tunu akajibu kwa sauti nzito, ya upole.

"Nitoke niende wapi? Walii wake kanifunulia mwenyewe."

Maalim akafunga msahafu. "Jini aliyevamia namtoa," alimnong'oneza Hashiru. "Huyu kakaribishwa."

"Basi amwache. Ampe talaka."

"Nimemuomba. Anasema anampenda."

Omary na watu wake wakaondoka, na biriani ikagawiwa majirani.

Tunu yupo, anakaa pale pale kitandani. Lakini uso wake unazidi kufifia. Ukimtazama kwa macho yako hujui pua iko wapi. Hashiru alishainua nyundo aivunje ile lenzi, mama yao, Bi Maua, akamshika mkono. Maana ni humo tu Tunu anaonekana vizuri. Kila asubuhi mama huja na kamera, haya hana tena, anaomba kama mtoto.

"Niwekee, baba. Nimwone mwanangu."

Hashiru humwekea. Hajasamehewa na hajalaumiwa, na kati ya hayo hajui lipi linamuuma zaidi.

Juzi alilenga yeye kwanza. Tunu alitoka safi, hina mbichi, mikono imeshika tumbo lililoanza kuchomoza. Yule wa kanzu, ubavuni, akamwinulia shemeji yake mkono.

"Vipi, hajambo?" mama akauliza.

"Hajambo, mama," Hashiru akasema, na asimpe kamera.