Vidonge Ndani ya Mkebe wa Vifungo

Lenah Wesonga alikuwa fundi wa kushona katika Soko la Toi. Watu walinunua nguo za mitumba, kisha wakamletea azipunguze kiuno au azibadilishe zipu. Juu ya cherehani yake palikuwa na ubao wenye misumari. Kila nguo iliyokamilika aliitundika hapo, ili mwenyewe aione akija.

Baada ya Pasaka, bega lake la kulia lilianza kuuma. Mwanzoni alilipuuza, kwani fundi gani hana maumivu? Kufikia mwezi wa saba, mkono haukuweza kupanda hata kufika sikioni. Hakuweza kusuka nywele zake. Nguo zilizokamilika alizirundika kitini, zikajaa makunyanzi. Wateja wakaanza kumhama. Mkono huo ndio uliowalisha yeye na mwanawe Brandon, naye akawa anautazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa aliye kitandani.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu. Mwaka uliotangulia, damu iliganda katika mguu wake, akalazwa hospitalini. Alipotoka, alipewa vidonge vya kuzuia damu isigande. Aliagizwa avimeze kila siku, saa ile ile, wala asiache mpaka daktari amwambie. Lakini alikoishi, Laini Saba, nyumba hutenganishwa na mabati tu. Jirani akikohoa, unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Mwanamke akionekana anameza vidonge kila siku, watu hawamuulizi. Hujijibu wenyewe, wakanong'ona kwamba ameanza "zile dawa", yaani za virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo Lenah alivitoa vidonge katika chupa yake, akavificha ndani ya mkebe wa vifungo. Alivimeza akiwa sokoni, ameinamia cherehani.

Jirani yake Aketch, muuza omena, ndiye aliyemweleza kuhusu kliniki moja ya tiba ya viungo huko Kawangware.

"Mama Brandon, huo mkono utakauka kama omena yangu," alisema. "Kule kuna mtaalamu aliyemtibu dada yangu mgongo. Anatumia sindano."

"Za dawa gani?"

"Hazina dawa."

"Sindano isiyo na dawa inatibu nini?"

"Utamuuliza mwenyewe. Mimi ni wa samaki."

Walikwenda pamoja siku ya Alhamisi. Mtaalamu aliitwa Kaveke, mwanamke mpole asiyeharakisha maneno. Leseni yake ilitundikwa ukutani. Aliligusa bega, akamwomba Lenah auinue mkono, akapima ulipofikia. Aketch alikaa pembeni, ameshika mkoba wa rafiki yake.

"Je, umekula leo?" Kaveke aliuliza.

"Nimekula, daktari. Chai na viazi."

"Vizuri. Mwenye njaa anaweza kupata kizunguzungu. Je, una mimba? Una kisukari, kifafa, au kifaa cha moyo mwilini?"

"Sina."

"Kuna dawa yoyote unayotumia?"

Lenah alimtupia Aketch jicho. "Hakuna," akasema.

Kaveke aliandika. Kisha akamwonyesha pakiti ndogo iliyofungwa. Ndani yake mlikuwa na sindano nyembamba kama unywele.

"Mimi sindano yangu naitumia mpaka iwe butu," Lenah alisema. "Wewe hizi unatumia mara ngapi?"

"Mara moja tu. Pakiti hufunguliwa mbele ya macho yako. Tukimaliza, sindano hutupwa katika boksi gumu, lisilotoboka. Ukimwona mtu anatoa sindano kwenye kopo, amezichemsha au hakuzichemsha, inuka uende zako. Huo ni mlango wa maradhi ya damu. Tena muulize leseni, hata mimi niulize."

"Na zinafanya nini bila dawa?"

"Huwasaidia baadhi ya watu kupunguza maumivu, si wote. Wewe ni fundi. Kabla ya kushona, hushikiza kitambaa kwa pini?"

"Nashikiza."

"Pini hazishoni nguo. Sindano zangu ni pini, na mazoezi ndiyo mshono. Maumivu yakipungua, utaweza kuufanyisha mkono kazi. Ukiacha mazoezi, nguo itafumuka."

Aketch alicheka kidogo. Lenah hakucheka.

"Utasikia uzito, au ganzi," Kaveke aliendelea. "Ukisikia uchungu mkali, sema, nami nitaitoa papo hapo. Baadaye pengine itabaki alama ndogo ya bluu. Lakini ukifika nyumbani ukapungukiwa na pumzi, au kifua kikakuuma, nenda hospitali mara moja. Hutokea kwa nadra sana, ila ni lazima ujue. Kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, hatari ni kubwa zaidi. Damu inaweza kuvujia ndani ya msuli bila kuonekana. Sitaanza kabla hujakubali. Na ukikataa sindano, bado nitakutibu."

Lenah aliutazama mkono wake. Akinyamaza, huenda ungepona bila mtu kujua lolote. Huenda pia ungeharibika. Akisema, Aketch angesikia, na Laini Saba nzima ingekuwa na lake la kusema. Kaveke alishika pakiti ili aifungue.

"Daktari, ngoja kwanza."

Akasimulia yote: mguu, hospitali, chupa, mkebe. Alizungumza akiangalia sakafu. Alipomaliza, hakuthubutu kugeuka.

Aketch ndiye aliyesema kwanza. "Vile vidonge nimevijua tangu Pasaka, Mama Brandon. Nikipita sokoni nakuona, na vifungo havimezwi kwa maji."

"Na ulidhani ni vya nini?"

"Nilidhani ni vile vingine. Ndiyo maana sikumwambia mtu."

Lenah alijifuta macho kwa mkono wa kushoto.

Kaveke aliirudisha pakiti mezani. "Nami nimekosea," alisema. "Nilipaswa kukuuliza ukiwa peke yako. Leo sitakuchoma. Nitamwandikia daktari wako kwanza. Wewe usiache vidonge hata siku moja kwa ajili ya sindano. Na uvirudishe katika chupa yake yenye maandishi, ili ukianguka njiani, anayekuokota ajue."

Siku hiyo Lenah alifundishwa kupandisha vidole ukutani polepole, kama mdudu anayepanda, na kuubembeza mkono akiwa ameinama. Majibu ya daktari yalikuja baada ya wiki moja, yakiruhusu sindano kwa tahadhari. Kaveke alitumia sindano chache, kwa juu juu tu, na kila alipochomoa moja alipakandamiza kwa pamba. Lenah alisikia uzito, kisha wepesi. Haikuwa miujiza. Kuna wiki ambazo bega liligoma kabisa, naye akaendelea kupandisha vidole ukutani.

Mwezi wa kumi na moja, saa nne asubuhi, Lenah alimaliza gauni la mteja. Alisimama, akainua mkono wa kulia taratibu, akalitundika kwenye msumari wa juu. Bega liliuma kidogo. Gauni likaning'inia, limenyooka.

"Saa nne imefika, Mama Brandon," Aketch, aliyekuwa amepita kumsalimu, alisema kwa sauti yake ya sokoni. "Vidonge."

Lenah aliichukua chupa iliyosimama wazi mezani, kando ya mkebe wa vifungo. Akameza kidonge chake mbele ya watu wote.