Mrija Mwembamba

Jumamosi saa nne asubuhi duka la vifaa vya maji lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Watu walipitishiana pampu na mabomba juu ya vichwa, mwenye duka akipiga kelele nyuma ya kaunta, na katikati ya msukumano huo mwanamke mwenye gauni la zambarau alirudi nyuma hatua moja, akamkanyaga mtu kwa kisigino.

"Aisee dada! Hicho ni kiatu au patasi?"

"Na mguu wako ulikuwa unatafuta nini chini ya kiatu changu?"

Aliyekanyagwa alikuwa fundi wa duka, mwanamume mrefu mwenye aproni ya buluu na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Mwanamke alikuwa mshonaji, na mtaani kwake walimwita Sindano. Wateja walidhani ni kwa sababu ya kazi yake. Waliowahi kumkosea walijua zaidi. Jirani mmoja alimrudishia beseni lenye ufa, kisha akakana kwamba ni yeye aliyelipasua. Huu ulikuwa mwaka wa nne Sindano hajaitikia salamu yake, na gauni alilomshonea la harusi ya mwanawe lilimbana makwapani hivi kwamba hakuweza kumpungia mkono hata bibi harusi.

"Basi yaishe," fundi alisema, akichechemea makusudi. "Umekuja kuua mafundi tu, au kuna kitu unatafuta?"

Alikuwa anatafuta mashine ya kuchuja maji. Kwenye veranda yake, ghorofa ya tatu, alikuwa amepanga mabomba meupe yenye matundu, na katika kila tundu amepanda letusi, mizizi ikining'inia ndani ya maji yaliyotiwa virutubisho, bila chembe ya udongo. Lakini maji ya bomba ya mtaa wao yalikuwa na chumvi na letusi zilidumaa. Alitoa chupa ya maji hayo mkobani. Fundi akachovya kipimo cha chumvi, chembamba kama kalamu, kikaonyesha mia nne na ishirini.

"Loo! Haya ndiyo unayozipa mboga? Hata mimi nisingekua."

Sindano alinyoosha kidole kwenye mashine kubwa kuliko zote, yenye mitungi saba na taa mbele. "Nipe ile."

"Ile ni ya maji ya kunywa. Inayachuja, halafu mwishoni inayarudishia madini ili yawe na ladha. Letusi zinataka ladha gani, na virutubisho si unazitilia mwenyewe?" Akashusha ndogo, ya mitungi mitatu. "Hii ndiyo yako. Mtungi huu unazuia mchanga, huu una mkaa wa kuondoa klorini, na huu una utando unaozuia chumvi. Unatoa lita mia tatu kwa siku. Tangi lako ni la lita ngapi?"

"Sitini."

"Inakutosha na kubaki. Ila ghorofa ya tatu maji yanafika yamechoka, utahitaji na pampu ndogo. Nani atakufungia?"

"Si wewe? Au mguu haupandi ngazi?"

Ulipanda. Ulipanda siku hiyohiyo kufunga mashine, ukapanda Jumapili kuangalia kama kuna panapovuja, ukapanda Jumatano kuangalia kama Jumapili paliangaliwa vizuri. Letusi zikajaa, majani mapana ya kijani kibichi, yanayovunjika kwa mlio ukiyakata. Kufikia mwezi wa pili simu ya Sindano ilikuwa ikilia kila siku saa saba mchana, na aliyepiga alikuwa fundi.

"Letusi wangu, umekula?"

"Mimi si mboga."

"Ndiyo maana bado sijakutafuna."

"Thubutu!"

Alicheka mpaka akashonea mkono wa kushoto wa shati la mteja upande wa kulia. Alimpenda yule fundi vibaya mno. Alimpenda mpaka akaogopa, maana hakuwahi kumsamehe mtu yeyote maishani mwake, na sasa alikuwa na mtu ambaye asingependa kumpoteza.

Mwezi wa tatu shangazi yake alikuja kukaa naye. Wiki hiyohiyo mashine ilianza kutoa maji kwa shida, na fundi akaja kubadilisha utando. Aliuleta umefungwa kwenye gazeti.

"Sanduku lake liko wapi?" Sindano aliuliza.

"Lililowa mvua, nikalitupa."

Shangazi aliketi kwenye kigoda muda wote, akitazama vidole vya fundi vinavyochomoa mirija na kuichomeka tena.

Siku kumi baadaye majani ya letusi yalianza kuungua kingoni. Baadaye yakajikunja, kisha mizizi ikawa ya kahawia. Sindano alipiga simu mara mbili, haikupokelewa, na mara ya tatu akajibiwa kwa haraka, "Niko juu ya paa la mteja, mpenzi, nitakupigia." Alimpigia baada ya saa tatu kupita. Kufikia hapo Sindano alikuwa ameshamhukumu. Utando usio na sanduku, simu isiyopokelewa, mboga zinazokufa. Kamfungia utando uliokwisha kazi, ule mpya kampelekea mwingine.

"Muulize kwanza," shangazi alisema.

"Simuulizi. Nitamwonyesha."

Alishona gauni jekundu kwa siku tatu, lenye kola iliyosimama na mgongo uliokatwa kama wa malkia. Jumamosi alilivaa, akakinga chupa ya maji kwenye mrija uliokuwa ukijaza tangi, akaenda dukani saa nne, saa ambayo hapawi na pa kukanyaga.

"Fundi wangu," alisema kwa sauti tamu, "hebu wapimie hawa watu maji ya mashine uliyonifungia."

Fundi alitabasamu, akachovya kipimo. Mia tano na sitini. Tabasamu likamtoka. Aliitazama ile namba, akaitazama chupa, halafu akamtazama Sindano usoni, kwa muda mrefu.

"Mmeona?" Sindano aligeukia watu. "Maji ya bomba ni mia nne na ishirini. Mashine yake inatoa mia tano na sitini! Badala ya kupunguza chumvi, inaongeza! Huyu anawauzia vipya, anawafungia vilivyochakaa!"

Watu waliguna. Wawili walirudisha mashine zao kaunta.

"Sema kitu," mwenye duka alimwambia fundi.

Fundi aliweka kipimo kaunta. "Sina la kusema."

"Basi vua aproni."

Aliivua, akaikunja mara nne, akaiweka kaunta, akapita karibu na lile gauni jekundu bila kuligusa. Sindano alirudi nyumbani moyo ukimdunda kwa raha. Ilikuwa raha tupu, asikudanganye mtu, na alilala mpaka asubuhi bila kugeuka.

Alinunua utando mpya katika duka jingine na kipimo chake mwenyewe. Fundi mwingine akaja, akafungua mtungi, akabadilisha, akaenda zake. Letusi zikaendelea kufa. Wiki ya tatu, Jumapili, Sindano alisimama verandani na kipimo mkononi, akaanza kufuata maji yanakotoka hadi yanakoingia.

"Shangazi, nani amegusa hii mirija?"

"Mimi. Tangu siku ile fundi wako alipobadilisha kile kidude chake." Shangazi hakuona kosa. "Mrija mmoja unamwaga maji tele kwenye mfereji, mwingine unatoa kijistari tu cha maji, ndicho kinaingia tangini. Nikasema huyu kwa kukukodolea wewe macho kachanganya. Nikamrekebishia."

"Shangazi! Kile kijistari ndicho maji safi! Yale mengi ndiyo yamebeba chumvi yote ikatupwe!"

"Sasa mimi ningejuaje kwamba kizuri kinatoka kidogo hivyo?"

Sindano alipima mrija mwembamba, ukaonyesha kumi na nne. Akapima ule mwingine, mia tano na sitini. Aliketi sakafuni na gauni lake jeupe, aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alimpigia fundi mara tano. Hakupokea. Alimwandikia ujumbe mrefu, akaufuta, akaandika "Nimekosea." Hakujibiwa.

Jumamosi alienda dukani na gauni la kijivu, bila hereni, na chupa mbili. Alisubiri pajae.

"Wiki tatu zilizopita nilisimama hapa nikamwita mtu mwizi," alisema mbele ya watu, bila ile sauti yake ya kukata. "Chupa hii ni ya maji safi. Hii ni ya maji ya kutupwa. Nilikinga ya kutupwa, nikaja kumfedhehesha fundi aliyenifungia mashine nzuri. Mwizi hakuwepo. Palikuwa na mjinga mmoja, na ni mimi."

Mwenye duka alipima zote mbili kwa mkono wake. Halafu, palepale kaunta, akampigia fundi simu arudi kazini.

Jioni fundi alibisha hodi kwa Sindano. Alikuwa amekonda, lakini shati lilikuwa limepigwa pasi.

"Nisamehe," Sindano alisema kabla hajaingia.

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku ileile. Utando ukiharibika kabisa, maji yanatoka kama yalivyoingia, mia nne na ishirini. Hayawezi kuzidi hapo. Yakizidi, ujue mtu amekinga kwenye mrija wa kutupa. Nilipoiona ile namba tu, nikajua."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Ningesema, ungecheka, ungesema samahani, yangeisha. Wewe ulikuja na gauni jekundu, Letusi. Ulijipamba kuja kunizika. Hukuniuliza hata neno moja. Nikasema basi, siku utakayojua mwenyewe, ikuume."

"Na mboga zangu?"

"Nilijua zinakufa."

"Na kazi yako?"

"Nilikuwa tayari kuikosa, mradi uumie."

Sindano alimtazama. Maisha yake yote alikuwa akiwapiga watu wasiojua kurudisha, na leo amekutana na mtu wa kiwango chake. Alimchukia kwa ajili ya zile letusi, akamwonea huruma kwa kukonda, na alitaka kumkumbatia, yote kwa pamoja.

"Nimekaa nyumbani wiki tatu nikifurahia kisasi changu," fundi alisema, "na katika hizo wiki tatu sikuwahi kula nikashiba. Nimechoka, mpenzi. Nataka nikuoe."

Neno ndiyo lilikuwa limeshafika kwenye meno. Sindano akalizuia.

"Nitakujibu baada ya wiki tatu. Usipige simu na usije."

"Kwa nini wiki tatu?"

"Letusi zangu zilichukua wiki tatu kufa."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akashuka ngazi.

Siku ya kwanza Sindano aliimba akishona. Siku ya tatu aliruka kila simu ilipolia, na ilikuwa ya wateja. Siku ya sita alijua saa saba mchana ni saa ndefu kuliko zote. Siku ya nane alipiga pasi gauni moja mara tatu, mpaka shangazi akamnyang'anya pasi.

"Hivi unamkomoa nani, mwanangu? Yule bwana au wewe?"

"Mwache ajifunze."

"Akijifunza kuishi bila wewe je?"

Maneno hayo yalimchoma Sindano usiku kucha. Siku ya tisa, Jumatatu, aliacha cherehani ikiwa na kitambaa chini ya mguu wake, akaenda dukani na nguo ya kazi iliyojaa nyuzi. Fundi alikuwa kaunta, aproni kiunoni, amezungukwa na wateja.

"Jibu ni ndiyo!" Sindano alisema juu ya vichwa vyao.

Duka zima likageuka. Fundi hakuinua uso kutoka kwenye kipimo.

"Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Mimi niliambiwa wiki tatu."

"Zilizobaki nimekusamehe."

"Mimi sijakusamehe," fundi alisema, na watu wakaangua kicheko.

"Mchukue baba, kabla hajabadili nia!" alisema mama mmoja aliyekumbatia pampu.

"Basi siolewi!" Sindano akang'aka, uso ukimwaka.

"Keti pale kwenye benchi, Letusi wangu," fundi alisema kwa upole. "Kuna watu wamekutangulia."

Mlango ulikuwa wazi. Sindano wa mwaka jana angetoka, angeshona gauni jingine jekundu, na hadithi ingeishia barabarani. Aliutazama mlango. Halafu akaketi.

Mbele yake walikuwepo watu kumi na mmoja. Fundi aliwahudumia mmoja mmoja, kwa utulivu ambao duka lile halijawahi kuuona. Alieleza kila mtungi na kazi yake, na mrija upi ni wa maji safi na upi wa kutupa. Alimuuliza mzee mmoja habari za wajukuu wake wote, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mara mbili aliinua jicho kuhakikisha kwamba yule mwanamke bado yupo benchini.

Sindano alijua kabisa anafanya makusudi. Akapakata mkoba, akamwacha ajilipize.