Mchanga Kizingitini kwa Nestory

Kokwijuka ndiye aliyeanza kulalamikia mchanga. Kila asubuhi akifungua mlango wa mbele ili afagie, aliukuta umetandazika kizingitini, mweupe, laini, wenye unyevu, na kila asubuhi aliuzoa kwa kipande cha boksi akaumwaga kwenye shina la mgomba huku akimsema mumewe. Kamuli ni nchi ya udongo mwekundu. Ukitaka mchanga mweupe kule Kyerwa, agiza lori.

"Baba Vero, umeleta ufukwe mzima kwenye viatu vyako," alisema. "Ungeniletea samaki, ningekuelewa."

"Wewe si mpenzi wa udongo? Ukiwa na mimba ya Vero ulimaliza nusu ya kichuguu cha jirani."

"Ule ulikuwa udongo mtamu. Huu hata harufu yake siipendi."

Nestory alicheka kidogo, maana mke akikutania huwezi kukaa kimya kama mgeni. Lakini viatu vya safari alikuwa ameviosha siku ileile aliyorudi, akavianika vikakauka, na vilikuwa uvunguni havijaguswa. Alikuwa amechoka mno kuanzisha mjadala wa mchanga.

Uchovu huo aliupata kihalali. Nestory alikuwa mpiga picha, wa harusi na ubatizo na pasipoti, mwenye kibanda cha studio pale senta ya Kamuli. Mwaka ule mchapishaji mmoja wa kalenda wa Bukoba alimpa kazi ambayo kila mpiga picha wa kijijini huiota: azunguke fukwe za Ziwa Victoria akipiga jua likichomoza na jua likizama, kila mwezi wa kalenda na picha yake. Akasafiri. Machweo aliyapiga upande wa Musoma, ambako jua huzamia majini; macheo akayapiga upande wa kwao, Bukoba na Muleba, ambako jua hutoka majini. Alilala kwenye nyumba za wageni zenye kunguni, akaamka gizani, akasimika stendi ya kamera matopeni, akangoja. Watu wakiona picha ya macheo hudhani mpigaji alikuwa anastarehe. Hawajui baridi ya ziwani ilivyo kabla ya mapambazuko, wala jinsi mtu anavyochoka kungoja jua ambalo lingechomoza hata asingekuwapo.

Aliporudi nyumbani alitarajia kulala. Hakulala. Kabla jogoo hajawika alijikuta yuko uani, miguu mitupu, kamera shingoni, uso umeelekea mashariki, na hakumbuki ameamka saa ngapi. Jioni ilikuwa vilevile. Yuko studio anamnyoosha mteja kola ya shati, mara anajikuta amesimama nyuma ya nyumba yake, lenzi kaielekeza kwenye vilima vya upande wa Rwanda, na kidole kinabonyeza chenyewe. Akimaliza, mwili wote unamuuma utadhani amelima kutwa.

Mwishowe alizifungua picha hizo kwenye kompyuta. Alikuwa amepiga migomba na vilima. Alichokiona kwenye kioo kilikuwa maji. Maji mapana ya kijivu, jua linatoka, na ukingoni amesimama mtu aliyempa mgongo. Nestory akafungua zile za Muleba, za kazi ya kalenda. Mtu yuleyule. Tena mwanga Nestory aliujua kama mkewe anavyoijua chumvi. Jua likiwa mbele ya kamera, kivuli cha mtu humjia mpigaji. Kivuli cha mtu huyu kilikwenda upande wa pili, kikaingia majini kulifuata jua.

Alifunga kompyuta. Alijiambia ni uchovu, akaenda kula.

Aliyelifumbua jambo lenyewe ni Vero. Jina lake la ubatizo lilikuwa Verdiana, mtoto wao wa pekee, waliyemngoja hadi majirani wakachoka kuwauliza. Hakuwa ameanza hata shule. Jioni moja Kokwijuka alikuwa anamenya ndizi mlangoni mwa jiko, Nestory ameketi kwenye kigoda anasinzia, Vero akatokea migombani gauni limelowa hadi kiunoni. Mvua haikunyesha. Mto uko mbali. Alipokaribia, harufu ikawafikia wote wawili, harufu ya samaki wabichi na majani ya ziwani yaliyooza.

"Umetoka wapi, mwanangu?" Kokwijuka aliuliza.

"Kwa baba mdogo."

Kisu kikasimama mkononi. Nestory hakuwa na ndugu wa kiume. Mama yake alizaa wasichana, yeye peke yake akawa mvulana, na kijiji kizima kilijua hivyo.

"Baba mdogo yupi?" aliuliza Nestory, polepole.

"Wa kule migombani. Miguu yake inatoa maji. Kasema siku moja jua likizama atanichukua nikakae kwake. Kasema yeye ni ndugu yako, hutamkatalia."

Kokwijuka alimvuta mtoto kifuani akambana hadi akalia. Kesho yake waliita katekista, Dastan, mtu mzima asiyependa makuu. Alisali, akanyunyiza maji ya baraka chumba kwa chumba. Maji yale yalipokauka ukutani yaliacha mistari ya mchanga mweupe. Dastan aliitazama, akakunja kitabu chake cha sala.

"Nestory," alinong'ona, "hili ni jini. Na halijaingia kama mwizi. Limekaa kama mtu aliyekaribishwa. Ulilikaribisha?"

"Mimi?"

"Nendeni Bugomora kwa Bibi Kemirembe. Wala msiseme ni mimi niliyewatuma."

Wakaenda na bodaboda, Vero kabanwa katikati yao. Bibi Kemirembe aliishi kwenye kibanja chake cha migomba nyuma ya mibuni, na walimkuta anapepeta maharage. Wakamwamkia, akaitika marahaba, akamnusa mtoto kichwani, kisha akaendelea kupepeta. Nestory alimwaga yote: mchanga, picha, kivuli. Akasema yuko tayari kuichoma kamera mbele yake.

"Kamera imekukosea nini?" Bibi alisema. "Wewe niambie, ulikula naye nini?"

"Sikula naye kitu, bibi."

"Fikiri, waitu, mjukuu wangu."

Nestory akafikiri, akakumbuka. Ilikuwa asubuhi moja kwenye mwalo, pale wavuvi wanapotia nanga, huko Muleba. Alikuwa amejikata kidole kwa mguu wa stendi, damu inatiririka, naye anangoja jua huku akitafuna mwani, kahawa ile ya kuchemshwa na kuanikwa ambayo mtu wa Karagwe na Kyerwa hakosi mfukoni akisafiri. Mtu mmoja akaja akasimama kando yake, mpole, amelowa miguu. Akamwamkia kwa Kinyambo safi cha wazee. Nestory alifurahi kusikia lugha ya nyumbani ugenini. Alikuwa amebakiwa na buni moja. Sasa mtu aliyelelewa vizuri atatafunaje mwani peke yake na mwenzake yuko pale anatazama? Akaipasua kwa vidole, punje moja akampa yule mtu, nyingine akaitia mdomoni mwake. Yule akaiangalia punje yenye damu, akatabasamu, akala. Nestory akamwambia, kama unavyomwambia mtu yeyote, akifika Kyerwa apite nyumbani, pale ni kwake.

Bibi Kemirembe aliweka ungo chini.

"Babu zetu walipofanya undugu wa kuchanjiana walifanya nini? Walichukua buni moja yenye punje mbili, wakapaka damu, wakala wote. Hakuna kingine. Umekula mkago naye, mjukuu wangu. Yule sasa ni ndugu yako wa damu, na mtoto wako ni mtoto wake."

"Mfukuze, bibi!" Kokwijuka alisema. "Nakuomba!"

"Ndugu wa mkago hafukuzwi. Anayemfukuza huvimba tumbo akafa, na yule atamchukua mtoto vilevile." Akafikiri kidogo. "Ila ndugu wana sheria yao. Mmoja akiomba, mwenzake hanyimi. Mwenzako bado hajaomba. Basi mtangulie wewe. Mwombe asimguse mtoto. Mtaje mtoto huyo kwa jina na kwa jina la mama yake, usizungumze kwa jumla, maana hawa wa ziwani ni wepesi wa kukwepa maneno."

"Na yeye akiomba?"

"Utampa," alisema Bibi. "Lakini mtoto huyu utakuwa umemwokoa."

Jioni ileile Nestory aliingia migombani peke yake, Kokwijuka amejifungia ndani na Vero. Jua lilikuwa limegusa vilima. Mwanzoni alisikia majani makavu yakichakarika, sauti ya kawaida, kisha ile sauti ikapata mpangilio, ikaja na kurudi, ikaja na kurudi, mpaka akatambua kwamba anasikia mawimbi yakipiga ufukweni, huku chini ya nyayo zake udongo mwekundu unalegea na kuwa baridi na laini na kumeza vidole, na harufu ya samaki inamjaa kooni asiweze hata kumeza mate, na mashina ya migomba pande zote yamelowa kuanzia chini, maji yakipanda taratibu kwenye magome kama yanavyopanda kwenye nguo ya mtu anayetembea kuingia ziwani, na mbele yake, mahali ambapo jua la mwisho lilipenya kati ya majani, yuko mtu amempa mgongo, na kivuli chake kinakimbilia juani.

"Ndugu yangu, umekuja," mtu yule alisema bila kugeuka. "Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo." Nestory hakuitambua sauti yake mwenyewe. "Nina ombi."

"Mimi nilikuwa nalo langu."

"Langu limetangulia."

Mawimbi yalisimama. Nestory aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, akatamani kukimbia, lakini miguu ilikuwa imezama hadi vifundoni.

"Omba," alisema yule mtu.

"Verdiana, binti wa Kokwijuka. Usimguse, usimwite, usimchukue. Leo wala siku yoyote."

"Nimetoa. Umeomba kitu kikubwa, ndugu yangu. Nami langu siombi sasa. Bado halijaiva. Likiiva nitakuja kuliomba, wala hutaninyima."

"Sitakunyima," Nestory alijibu. Alikuwa amechoka. Angekubali neno lolote wakati ule, ili mradi aende akalale.

Jua likazama. Chini ya miguu yake palikuwa na udongo mwekundu, mkavu.

Akalala kweli. Alilala hadi mchana, Kokwijuka akawa anamfukuzia nzi. Vero hakulowa tena, na akiulizwa juu ya baba mdogo alishangaa kama anayesikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Kamera ilirudi kupiga harusi na ubatizo, migomba ikatoka migomba. Kalenda ilichapishwa, watu wakampongeza senta nzima, na nakala yake aliificha juu ya kabati, akaitazamisha ukuta. Asubuhi hakusikia tena mkewe akilalamikia mchanga. Akifungua mlango, alikuta kizingiti kisafi. Akamshukuru Mungu na Bibi Kemirembe kwa pamoja, akaanza kunenepa.

Asubuhi moja kiu ilimwamsha mapema kuliko kawaida, mwanga ndio kwanza unapenya. Upande wa mkewe kitandani palikuwa pamepoa. Alimkuta sebuleni, amechuchumaa nyuma ya mlango uliofunguliwa kidogo, kopo tupu la mafuta ya kujipaka liko magotini. Kokwijuka alikuwa anakusanya kitu kizingitini kwa kiganja, taratibu, asipoteze hata chembe. Akachota kwa vidole viwili, akatia mdomoni. Mchanga ulikwaruza kwenye meno yake.

Haukuwa umekoma. Yeye ndiye aliyekuwa akiuwahi.

"Mama Vero," alinong'ona Nestory. "Unafanya nini?"

Alishtuka, akaficha kopo chini ya kanga, kisha akacheka kwa aibu. Midomo yake ilikuwa na weupe pembeni.

"Usinicheke. Nina hamu nao tu, wala sijui kwa nini. Usiku kucha nauwaza." Akajishika tumbo, macho yamemjaa furaha ambayo Nestory alikuwa hajaiona tangu alipozaliwa Vero. "Nilitaka nihakikishe kwanza ndipo nikuambie. Baba Vero, Mungu ametukumbuka tena."

Nestory alikuwa amemtaja Vero, kwa jina na kwa jina la mama yake, kama alivyofundishwa. Huyu wa tumboni hakuwa na jina.

Nje, nyuma ya jiko, majani makavu ya migomba yalianza kuchakarika, yakaja na kurudi, yakaja na kurudi. Nyayo zilizolowa zikapita uani bila haraka. Zikasimama mlangoni, na mtu akakohoa kidogo, kama wanavyofanya wageni wenye adabu.

"Hodi, ndugu yangu," ilisema sauti, kwa Kinyambo safi cha wazee. "Nimekuja kwa lile ombi langu."

Kokwijuka aligeuka kumtazama mumewe, kopo bado chini ya kanga, tabasamu bado halijamtoka usoni. "Nani huyo asubuhi yote hii?"

Nestory alijishusha sakafuni kando yake. Uchovu wa fukwe zote alizotembea ulimrudia kwa mpigo mmoja, akauweka mkono wake juu ya tumbo la mkewe, akauacha hapo.

"Karibu," alisema.