Tete Lililogoma Kuanguka

Sogeeni niwape kisa cha jirani yangu Seabata. Msiogope kwamba namsengenya. Yeye mwenyewe akikisikia siku hizi anacheka, na mtu akishajicheka basi na sisi tumeruhusiwa.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, baridi ikianza kulegea huku kwetu milimani. Theluji ilibaki kwenye vilele tu, mipichi ilikuwa imetoa maua kabla ya majani, na sisi wanawake tulikuwa tumeanza kukanda udongo na samadi ili kupaka kuta zilizobabuka. Asubuhi moja ya namna hiyo Nthatisi, mke wa Seabata, alijifungua salama mtoto wa kike, wakamwita Limpho. Nyumbani walikuwapo tayari wavulana wawili. Katleho alikuwa na miaka mitatu na ushee, na maswali mengi kuliko hakimu. Mdogo wake, Pule, alikuwa amejua kukimbia lakini bado hajajua kusimama. Tulipiga vigelegele mpaka mbwa wakaingia uvunguni. Matlaleng, shangazi yake Seabata, bibi mkali asiyecheka ovyo, akachomeka tete moja refu la mtoni kwenye nyasi za paa juu ya mlango, ili kila mwanamume apitaye ajue humo mna kichanga na asiingie.

Desturi mnaijua. Akizaliwa wa kiume, baba huchapwa fimbo. Akizaliwa wa kike, humwagiwa maji, na hiyo ndiyo taarifa yake. Matlaleng akatoka na ndoo. Seabata aliiona kwa mbali, akaona na kile kigamba cha barafu juu yake, akaruka ukuta wa zizi akatokomea. Shangazi akaweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye blanketi lake.

"Akimbie tu," alisema. "Maji yake namwekea."

Tukacheka sana. Wala hatukuona kwamba huo ndio ulikuwa mwanzo wa mambo.

Matlaleng hakuweza kukaa. Kondoo wake ng'ambo ya bonde walikuwa wanazaa, na huku theluji ikiyeyuka mtu haachi kondoo peke yao. Akaondoka, akituachia tete lake. Kijijini kwetu tete haling'olewi kwa mkono. Likinyauka na upepo ukaliangusha, mlango uko wazi, na baba anaingia kumpakata mwanawe. Na upepo wa Agosti hapa kwetu haumbembelezi mtu. Kila aliyezaliwa majira hayo, tete lake halimalizi wiki mbili.

La Seabata likagoma.

Siku zile upepo uliondoka na bati la choo cha mwalimu. Ulichukua shuka zangu mbili, na mpaka leo sijaziona. Uliangusha ubao wa dukani. Lakini kila asubuhi tete la Seabata lilikuwa pale pale, limesimama wima kama askari. Mwanzo tulisema mkono wa Matlaleng ni mzito. Baadaye tukaanza kulisifu, na mzee mmoja akatangaza kwamba mtoto yule atakuwa mtu mkubwa, kwa kuwa hata upepo unamheshimu. Mimi nami niliitikia kwa kichwa kama mbuzi.

Na Seabata alikuwa wapi? Kwenye baraza la duka, mbele ya jiwe bapa la kuchezea morabaraba. Kete za mchezo ule tunaziita ng'ombe, na katika kuzichunga ng'ombe hizo za mawe hakuwa na mwenzake upande huu wa mto. Nisimwonee: hakuwa mlevi, hakuwa na mkono mwepesi wa kupiga. Kabla Limpho hajazaliwa ungemwona asubuhi amebeba wavulana wawili mabegani, ndoo mkononi, anaimba vibaya. Lakini sasa alikuwa na ruhusa ya kutoka, tena ruhusa ya mila, na ruhusa ile ilikuwa tamu. Usiku alilala kwenye kibanda cha pili. Chakula aliletewa mpaka nje na mke aliyejifungua juzi. Akishakula anashukuru vizuri, anaenda zake dukani.

Nthatisi akaanza kuisha. Kichanga kilikuwa hakilali ila kikiwa kifuani. Pule alimwonea wivu dada yake na akaanza kulilia ziwa upya. Katleho alitaka kujua kwa nini theluji haina miguu. Maji yachotwe, samadi kavu ya kuwashia moto iletwe, uji usiungue. Mimi nilikuwa nampitia kila nilipoweza, lakini nina mji wangu. Siku moja nilimkuta amekaa chini, nguo za mtoto mkononi, amesahau kama alikuwa anazifua au anazianua.

Nilishindwa kuvumilia. Nikamfuata Seabata dukani.

"Ntate Seabata," nikamwita kwa heshima mbele ya wenzake, "mkeo anachota maji mwenyewe."

"Mama, mimi naheshimu mila," akajibu bila kuinua macho kwenye jiwe. "Tete bado lipo. Unataka niingie na baridi ya njiani nimdhuru mtoto?"

"Mila imekukataza mlango. Haikukukataza ndoo."

Wenzake wakaguna. Yeye akasukuma ng'ombe wake, akala wa mwenzake, akaniahidi kwamba kesho bila shaka. Kesho ikafika, na yeye akafika dukani.

Jioni ile nilimsikia Katleho uani. Alimshika baba yake suruali, akamwomba aingie ndani alale nao. Seabata akachuchumaa, akampangusa pua, akamwonyesha juu ya mlango.

"Siwezi, mwanangu. Unaliona tete lile? Ndilo limenizuia."

Mtoto aliliangalia tete kwa muda mrefu. Tangu hapo kila akitoka nje alilitupia jiwe, na sisi tukamwambia ana adabu mbovu. Enyi mnaowajibu watoto ilimradi waondoke, kumbukeni kwamba wao huondoka na yale majibu.

Baada ya siku chache, mchana, nilipeleka gunia la samadi kavu kwa Nthatisi. Nilianza kushangaa tangu uani. Palikuwa kimya. Chini ya mlango palikuwa na ndoo iliyofudikizwa, ufagio umelala kando yake, na nyasi za paa, ambazo pale ziko chini kiasi kwamba hata mimi huinama kuingia, zilikuwa zimechokorwa. Tete halikuwapo. Ndani, Nthatisi alikuwa ameshikwa na usingizi ameketi, Limpho akinyonya. Nikamwamsha.

"Wavulana wako wapi?"

Aliangalia kona walikokuwa wakicheza, kisha akaniangalia mimi. Sitaki kuuona uso ule tena. Alisema walikuwa hapo sasa hivi, akasimama kutaka kutoka. Nikamwambia abaki na mtoto, nikatoka nikipiga yowe. Wanawake waliacha udongo wao, wakaja na mikono ile ile ya matope. Zizini hawamo. Kwa mwalimu hawamo. Na jua lile la mwisho wa baridi lilikuwa limeyeyusha theluji yote ya juu, mto ukinguruma bondeni mpaka tunausikia.

Nilikimbia dukani. Seabata alikuwa katikati ya mchezo na bingwa wa kijiji cha pili, watu wamewazunguka.

"Watoto wamepotea," nikasema. "Wote wawili. Wameliangusha tete wakaondoka nalo."

Aliposikia wamepotea alisimama. Aliposikia habari ya tete, alibadilika rangi. Aliruka jiwe, ng'ombe zake zikatawanyika, na hakuelekea nyumbani wala zizini. Alishuka moja kwa moja kwenye kona ya mto, chini ya mierebi, mahali ambapo hakuna mtu wa kwetu anayekwenda kwa kuwa pana tope refu. Sisi nyuma, tunakimbia tunashangaa. Amejuaje?

Tulipofika tukajua. Palikuwa na matete, na katikati yake vishina vilivyokatwa kwa kisu, vingine bado vyeupe, vya jana na juzi. Kila upepo ulipofanya kazi yake, Seabata alidamka kabla yetu, akachomeka jingine.

Lakini wakati huo hakuna aliyejali vishina. Pule alikuwa ndani ya tope, limemfika kifuani, na maji ya theluji yanampiga mgongoni. Alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililotutisha. Katleho alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi za ukingoni, amemnyooshea mdogo wake lile tete, mwenzake ameshika upande wa pili. Nalo lilikuwa limeanza kupasuka.

Seabata aliingia na blanketi lake na viatu vyake. Tope likamshika, akaanguka, akainuka, akaenda kwa magoti. Alimkamata Pule kwapani akamng'oa. Mtoto akavuta pumzi, akafungua kinywa, akalia kilio cha hasira kilichosikika hadi dukani, na sisi sote tukalia naye kwa furaha.

Katleho alikuwa bado ameshikilia kipande cha tete. Meno yalikuwa yakigongana, lakini alikuwa na taarifa ya kutoa.

"Nimelirudisha, baba," alisema. "Nilikuona asubuhi ukilitoa huku. Sasa unaweza kuingia ndani."

Nawaambia ukweli, nilikuwa nimeandaa matusi ya kumtosha Seabata mwaka mzima. Yote yaliniishia. Yule mwanamume alikaa kwenye tope, mtoto mmoja kila upande, akalia waziwazi mbele ya wanawake wote na bingwa wa kijiji cha pili.

Aliwabeba wote wawili kupanda kilima, mabegani kama zamani, na safari hii hakuimba. Nthatisi alikuwa mlangoni, Limpho amefungwa mgongoni. Aliwapokea wanawe, akawapapasa vichwa, mikono, miguu, kama anayekagua kama kuna kilichopungua. Alipomaliza akamwona mumewe bado amesimama nje, maji yanamchuruzika, anatazama juu ya mlango pasipo na kitu.

"Unangoja nini?" akamuuliza. "Upepo?"

Akainama, akaingia. Sisi tulibaki nje kwa heshima, ila masikio yetu yaliingia naye. Alisema yote mwenyewe, habari za kisu na za alfajiri, bila kumsingizia mtu. Nthatisi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba moto unataka samadi, Pule anataka nguo kavu, na yeye anataka kulala mpaka atakapoamka mwenyewe. Baada ya hapo akamwekea Limpho mikononi. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona binti yake uso kwa uso.

Yowe letu lilikuwa limevuka bonde. Kabla jua halijazama tukamwona Matlaleng anapanda kilima, blanketi limefungwa vizuri, uso umefungwa zaidi. Tulimsimulia yote pale uani. Alikwenda kwenye pipa, akajaza ndoo, akamwita mtoto wa kaka yake nje.

Seabata alitoka akiwa na nywele mbichi bado. Aliiona ndoo. Ukuta wa zizi ulikuwa pale pale, tena hauna kimo.

"Nimeshalowa, shangazi," alisema.

"Hayo yalikuwa ya mto. Haya ni ya Limpho."

Akapiga magoti, akainamisha kichwa. Matlaleng akamwagia yote, hakubakiza hata tone, na vigelegele vilivyopigwa siku ile vilizidi vya siku ya kuzaliwa.

FUNZO

Mila zetu ni nzuri, na simsemi vibaya aliyezianzisha. Tete liliwekwa mlangoni ili mama na kichanga wapumzike. Halikuwekwa ili baba apumzike. Kwa hiyo wewe uliye nje ya mlango unaosema umezuiwa, angalia kwanza mkononi kwako kama hakuna kisu. Kama huruhusiwi kuingia, chota maji. Leta samadi. Wachukue wale wakubwa uende nao hata dukani, wakae mapajani huku ukicheza. Mtoto mdogo hajui desturi inasema nini. Anajua baba yuko au hayuko, na kama hayuko atakwenda kumtafuta kwa njia yake mwenyewe, hata kama njia hiyo inapita mtoni.

Na sisi majirani tuliokuwa tukilisifu tete lisiloanguka, tujifunze kushangaa vizuri. Jambo lisilo la kawaida mlangoni mwa mtu huulizwa.

Seabata bado anacheza morabaraba. Mkimtaka, njooni uani kwake, maana jiwe amelihamishia huko. Mtamkuta Limpho mgongoni, ndani ya blanketi, na Pule akimlia ng'ombe zake kwelikweli, kwa meno. Siku hizi anashindwa na kila mtu. Katleho amekifanya farasi kile kipande cha tete, na hakuna anayethubutu kumwambia akiweke chini.