Kicheko cha Jikoni

Hiba aliingia dukani pekupeku, na baba yake akajua mara moja kwamba kuna jambo, maana mtoto huyo wa miaka tisa hakuwa mtu wa kukanyaga lami ya mtaa wa Rohero bila viatu.

"Baba," alisema, "mama anacheka jikoni."

Adil alikuwa anamkatia mteja kitenge. Aliuweka mkasi juu ya meza na kutoka bila hata kuomba radhi. Mkewe, Ghanima, alikuwa hajacheka tangu mvua za mwaka uliopita. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyemkosea. Alianza tu kuchelewa kuamka, kisha akaacha kwenda sokoni, kisha akavua bangili zake akisema zinamlemea, na mwishowe akajilaza kitandani akiwa ameuelekea ukuta. Majirani kwanza walisema ana mimba. Baadaye wakasema ana kiburi. Baadaye hawakuja tena.

Nyumba ilikuwa nyuma ya duka, ng'ambo ya ua mdogo. Adil aliuvuka ua mbio, na kweli, akasikia: kicheko cha Ghanima, kile kinachoanzia puani na kuishia kwenye kikohozi, na chini yake mlio wa kinu kikitwanga iliki. Akausukuma mlango wa jikoni.

Hapakuwa na mtu. Mbabura, lile jiko la makaa, ilikuwa baridi, majivu ya jana hayajazolewa. Kinu kilikuwa kikavu. Kilichokuwepo ni harufu tu, tena si ya iliki. Ilikuwa harufu ya nguo zilizosahauliwa ndani ya beseni la maji kwa siku nyingi.

Chumbani, Ghanima alikuwa amelala vile vile alivyomwacha asubuhi.

"Uliamka?"

"Apana," alijibu bila kugeuka.

"Hiba amesikia unacheka."

"Si mi," akasema.

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, kicheko kilirudi. Mlango ukifunguliwa, sauti inakatika. Ukifungwa, inaendelea pale ilipoishia. Adil alisimama uani, akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa kunong'ona. Alikuwa hajafika katikati sauti ilipomwita kutoka nyuma ya mlango.

"Adili wangu. Unakumbuka siku ile tunatoka Uvira, maji yamefunga barabara pale Gatumba? Nilibeba viatu vyako kichwani, we ukabeba mizigo ya vitenge. Mutu mumoja akasema tumekuwa kama samaki."

Alikumbuka. Alikumbuka pia kwamba siku ile Ghanima alicheka mpaka akakaa ndani ya maji. Mtu mwenye akili timamu angekimbia. Adil alivuta kigoda, akakaa.

Tangu siku hiyo alifunga duka mapema. Alijiambia anakuja kumwangalia mgonjwa, lakini chumbani alipita tu, akaacha bakuli la uji na kuchukua la jana ambalo halikuguswa, kisha akaenda kwenye kigoda chake. Hiba naye alihamishia madaftari yake ya shule pale mlangoni. Sauti ilimsahihishia hesabu, ikamuimbia, ikamuuliza nani amemsuka vibaya hivyo. Baba na mwana hawakutazamana usoni. Wote wawili walijua kwamba aliye mle ndani si Ghanima, na kila mmoja alimshukuru mwenzake kwa kutolisema.

Harufu ya nguo mbichi ikatoka jikoni, ikavuka ua, ikaingia mpaka kwenye majora ya vitambaa dukani. Wateja wakawa wanakunja pua.

Siku moja Adil alipoingia na uji, Ghanima alikuwa amegeuka. Adil hakuwa ameuona uso wake mchana kwa muda mrefu, na alichokiona kilimfanya aweke bakuli sakafuni: ngozi ilikuwa imekuwa nyepesi kama karatasi ya kufungia, na macho yalikuwa yanamtazama kwa upole mkubwa, kama mtu anayeaga.

"Adil," alisema, sauti ikisikika kwa shida. "Mama yangu alikuwa anaitwa nani?"

"Unanitania?"

"Jana nilikuwa nalijua. Mulipoenda kukaa naye, likaondoka." Akapumua. "Kila siku mukikaa kule anachukua kitu kwangu. Sikatazi. Yule ni muzuri kunishinda. Hiba anamupenda. Mumuache akae yeye, mi niende zangu."

"Uende wapi?"

Ghanima akafungua mdomo kujibu, na Adil akaona midomo ikicheza, ulimi ukicheza, koo likipanda na kushuka, lakini hakuna sauti iliyotoka, hata pumzi, na wakati ule ule, ng'ambo ya ua, kinu kikaanza kutwanga na ile sauti changa, yenye afya, sauti ya mwanamke aliyemuoa, ikaita kwamba chai imeiva, njoo Adili wangu, njoo ungali unanipenda, na miguu yake mwenyewe, Mungu amsamehe, ikageuka kuelekea mlangoni kabla hajaiamuru.

Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Kisha akatoka kwa mlango wa upande wa barabara ili asipite uani, akachukua teksi mpaka Buyenzi kwa Bi Fatouma.

Bi Fatouma alikuwa mjane mfupi anayesomea wagonjwa dua, na hakuwa na mbwembwe. Alifika, akasimama uani, akanusa, kisha akaingia kukaa na Ghanima peke yake. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Mwanangu, huyu jini si yeye aliyemugonjesha bibi yako," alisema kwa sauti ya chini. "Ugonjwa ulitangulia. Huyu mumemwita nyinyi. Mulikuwa munamutamani yule wa zamani, yeye akasikia, akaja amevaa sauti yake. Analishwa na masikio yenu."

"Tufanye nini?"

"Mukae na mwenye kulala. Mi nitasoma. Akiwaita, musimujibu. Museme na huyu."

Walikaa kitandani, Adil upande mmoja, Hiba upande wa pili, na Ghanima katikati yao. Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Kongo. Bi Fatouma alisoma akiwa kwenye kizingiti, na jikoni kikaanza kicheko.

Sauti ilicheka, ikaita, ikataja majina ya utani yaliyojulikana na watu wawili tu duniani. Adil akamshika mkewe mkono, akatafuta neno la kumwambia, akagundua kwa aibu kwamba kwa miezi mingi hakuwa amemwambia lolote isipokuwa kula, amka, jikaze. "Leo nimeuza kitambaa cha bluu," akasema. "Kile ulichosema hakuna mutu atakitaka." Akaendelea kumwambia habari za foleni ya mafuta, za mbu, za paa linalovuja, huku jikoni kicheko kikigeuka kilio, na kilio kikigeuka sauti ya mama aliyeungua, Hiba mwanangu, nimemwagikiwa na mafuta ya moto, njoo haraka, ngozi inatoka, na Hiba akiuma shuka, akijisogeza kidogo kidogo mpaka miguu ikagusa sakafu, na Adil akashindwa kumzuia kwa kuwa hakuthubutu kuuachia mkono wa Ghanima.

Ni Ghanima aliyemshika. Aliuinua mkono wake mwembamba na kuufunga kwenye kiuno cha mtoto.

"Kaa," alisema, kwa sauti iliyokwaruza, iliyokuwa yake.

Jikoni kinu kilipasuka. Mlango ukafunguka wenyewe, kitu kikapita uani kama upepo wa kabla ya mvua, na harufu ikaenda nacho.

Hiba alilia sana, kilio cha mtu aliyefiwa. Ghanima alirudi kulala, akageukia ukuta.

"Mbona haamki?" Adil aliuliza.

"Kazi yangu imeisha," Bi Fatouma alisema, akikunja mtandio. "Ugonjwa wake bado. Kuna daktari wa mambo haya. Mumupeleke, na musione haya."

Walimpeleka. Akaanza vidonge. Jina la mama yake, Zuwena, lilimrudia siku moja akiwa anaoga. Siku nyingine aliketi uani nusu saa. Siku nyingine hakuweza hata kuinua kichwa, na Adil alijifunza kutouliza kwa nini. Kicheko hakikurudi, si jikoni wala mdomoni mwake, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba walisikia maji yakitoka bombani kwa jirani.

Alasiri moja, Adil alipokuwa anamsuka nywele kitandani kwa vidole visivyozoea, Ghanima alisema, "Ukimusikia tena, utaenda?"

Adil alitaka kusema apana. Lile neno lilikuwa tayari, lakini halikutoka.

"Sijui," akasema.

Ghanima alikaa akiitazama mikono yake mwenyewe. Kisha akasogea polepole mpaka ukutani, akapiga godoro kidogo kwa kiganja, mahali palipobaki wazi, ili Adil naye apate pa kulala.